Jina la Mwana wa Saba

Enid Cleasby aliusikia uvumi ule kwenye foleni ya bucha, Jumatatu asubuhi, na hadi Jumatano ulikuwa haujamtoka. Ulimfuata jikoni, ukapanda naye tramu, ukalala naye kitandani. Mwanamke wa mbele yake, mwenye skafu ya kijani, alimwambia mwenzake bila hata kushusha sauti:

"Yule msichana alinyamaza makusudi. Anatembea na yule kijana mwigizaji wa akiba. Mzee akianguka, si kijana ndiye anavaa taji?"

"Msichana yupi?"

"Yule anayekaa konani na kitabu. Wa yule mama mpiga pasi."

Enid ndiye aliyekuwa mama mpiga pasi. Alitoka kwenye foleni akaenda zake bila soseji.

Mambo yenyewe yalijulikana mji mzima wa Leeds. Jumamosi usiku, katika ukumbi wa Paragon, Aubrey Haldenby alikuwa akimwigiza Mfalme Aldred. Umri wake miaka sitini na mitatu, arobaini na sita kati ya hiyo jukwaani, na hakuna mfalme wa tamthilia za kale ambaye hakuwahi kumwigiza. Katika tendo la nne mfalme huwataja wanawe saba waliouawa vitani, mmoja baada ya mwingine. Haldenby aliwataja sita. Kisha akanyamaza.

Kazi ya mkumbushaji ni kukaa pembeni, nyuma ya pazia, na kitabu cha mchezo magotini, ili mwigizaji akisahau amnong'oneze neno. Usiku ule mkumbushaji alikuwa Thelma, binti wa Enid, miaka ishirini. Naye hakunong'ona. Haldenby alisimama karibu dakika nzima. Halafu akawainamia watazamaji kama mgeni anayeaga mlangoni, akatoka jukwaani, akapita mlango wa nyuma, akaingia kwenye ile Februari ya barafu bila koti, na joho la ufalme mgongoni. Alfajiri mchuuzi wa maziwa alimkuta ameketi kwenye ngazi za nyuma za ghala la samani, mtaa wa Cordwain. Gari la hospitali lilipofika alikuwa ameshakufa.

Alhamisi ya wiki ile, saa nne asubuhi, hakimu wa uchunguzi wa vifo angekaa kuuliza nani alisababisha nini. Thelma alikuwa shahidi wa kwanza. Tangu Jumapili hakutia kitu tumboni ila maji ya moto. Alikuwa akikaa kwenye ngazi za nyumba na koti lake mwilini, kama mtu anayengoja kuja kuchukuliwa.

Kabla ya kutoka Jumatano ile, Enid alimwomba jirani akae naye. Kisha akainama chini ya ngazi, akafunga koki ya gesi, akaung'oa mpini wake akautia mfukoni mwa aproni. Hakumwambia mtu kwa nini. Mama yeyote mwenye binti aliyekata tamaa anajua kwa nini.

*

Inspekta Raistrick alikuwa amekalia kiti cha Thelma pale konani, taa ndogo inawaka, peremende mdomoni.

"Ukumbi umefungwa, mama."

"Nimekuja kufua. Nguo za mfalme hazijifui."

"Nguo za mfalme ni ushahidi."

"Basi ushahidi wako utaota ukungu, Inspekta. Kitani kikikaa na jasho siku nne, hata Mungu hawezi kukitakasa."

Raistrick alimtazama vizuri. "Wewe ndiye Bi Cleasby. Vizuri, maana ningekutafuta mimi. Njoo uone kitu. Huu ni mwandiko wa binti yako?"

Kitabu kilikuwa wazi kwenye tendo la nne. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na maneno ya mchezo, wa kulia ulikuwa mtupu kwa ajili ya alama. Pale kabla ya jina la mwana wa saba palizungushiwa duara kwa penseli nyekundu nene, na pembeni herufi kubwa: PUMZIKO. ASIKUMBUSHWE KWA LOLOTE.

"Mimi naona hivi," alisema Raistrick. "Msichana ananyamaza. Mtu anakufa. Jumapili msichana anaingia humu kimya kimya, anachora duara, anajipa ruhusa. Penseli nyekundu nimeikuta kwenye droo yake."

"Kila mkumbushaji ana penseli nyekundu. Sogeza taa."

Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Miaka kumi na moja alikuwa akisoma nguo za watu. Alijua kipi kilitangulia kumwagika, mvinyo au damu ya bandia. Doa la chai, duara la kitako cha kikombe, lilikatiza ukurasa na kupita juu ya lile neno PUMZIKO.

"Penseli hii ina nta," alisema. "Tazama chai ilipokutana nayo. Imeikwepa, imekaa pembeni mwa kila herufi. Kama angeandika juu ya doa, ungeona kahawia chini ya nyekundu. Hapa chini ya nyekundu ni karatasi nyeupe. Maandishi yalitangulia, chai ikafuata."

"Chai inaweza kumwagika Jumapili."

"Hapa konani? Tangu Krismasi meneja wa jukwaa amepiga marufuku vikombe, muulize. Kikombe hiki ni cha Agnes Tordoff. Miaka thelathini na moja alikalia kiti hicho na kikombe gotini. Thelma alirithi kitabu, hakukiandika."

Raistrick aliihamisha peremende shavu la pili. Aliandika kwenye daftari lake, polepole, kisha akaweka kidole ukingoni mwa ukurasa. Palikuwa na tarakimu za penseli nyembamba, moja chini ya nyingine, kila moja imekatwa isipokuwa ya mwisho: 4, 6, 9, 14.

"Na hizi?"

"Sekunde. Kile kimya cha mzee kilikuwa mashuhuri, Inspekta. Wewe huendi ukumbini?"

"Mke wangu huenda."

"Basi muulize. Anataja wana sita, halafu yule wa mwisho, kitinda mimba, jina halimtoki. Anasimama tu. Watu walikuwa wanalia mpaka balkoni ya juu. Magazeti yaliandika kwamba hakuna mwigizaji Uingereza anayejua kunyamaza kama Haldenby. Agnes alikuwa anahesabu."

"Na kila mwaka kilirefuka."

"Kila mwaka kilisifiwa zaidi."

Raistrick alitoa saa yake, akatazama mshale. Wote wawili wakasimama pale gizani, mbele yao jukwaa tupu, mpaka zikatimia kumi na nne. Zilikuwa nyingi kuliko Enid alivyodhani.

"Na huyo mkumbushaji akikosea akalitaja jina ndani ya kimya hicho?"

"Alifanya hivyo kijana mmoja aliyemshikia Agnes nafasi ziarani, kule Hull, miaka sita iliyopita. Aliona mzee amenyamaza, akamwonea huruma, akamnong'oneza. Pazia lilipoanguka Haldenby alimsimamisha mbele ya wote. Akamwambia, 'Umeniingilia kaburini mwa mwanangu na viatu vya matope.' Asubuhi kijana alikuwa kwenye treni, kazi hana. Hakuna anayefanya kazi hii asiyeijua hadithi hiyo. Thelma aliambiwa siku ya kwanza."

"Sawa. Hilo linaondoa penseli," alisema Raistrick. "Haliondoi mengine. Kitabu kinasema kumi na nne. Msichana wako alinyamaza sekunde hamsini." Alifunga daftari. "Lakini nitakuambia kinachonisumbua mimi. Mchuuzi wa maziwa alimkuta bado ana pumzi. Mzee alimshika mkono, akamuuliza: 'Yule mdogo aliitwa nani?' Mara mbili. Mchuuzi akasema, 'Sijui, mzee wangu,' akakimbilia simu. Haldenby hakuwa na mtoto anayejulikana. Mimi nasema alikuwa na wa pembeni. Nimetuma mtu ofisi ya vizazi. Wewe unayefua nguo zake, hujawahi kuokota barua ya mwanamke?"

Enid alifikiri. Hakupenda kumchafua marehemu, lakini binti yake alikuwa kwenye ngazi na koti.

"Barua hapana. Ila alikuwa anaandika ndani ya mikono ya mashati, hapa kwenye pindo. Kalamu ya zambarau. Ile ya kulowesha kwa ulimi, haitoki kwa ndimu wala maziwa. Nilidhani ni namba za simu za mabibi."

"Nionyeshe."

*

Chumba cha nguo kilikuwa juu kabisa, chini ya paa. Cyril Hebden, mvalishaji wa Haldenby kwa miaka ishirini, alikuwa ameketi kwenye kikapu cha nguo chafu, kitambaa cheusi cha msiba kimefungwa mkononi, akishona kifungo ambacho hakuna mtu angekifunga tena.

"Malkia wa Wanga kaja na askari," alisema. Ndivyo alivyomwita Enid, kwa ule wanga wa kukazia kola. "Nimekamatwa?"

"Bado," alisema Raistrick.

"Cyril, inuka hapo. Nataka shati la Jumamosi."

"Hujambo pia, Enid. Umelala salama? Mimi sikulala, asante kwa kuuliza."

"Cyril."

Aliinuka. Shati la Jumamosi, lililorudishwa kutoka hospitali, lilikuwa juu kabisa, la kitani, jeupe, limekauka na jasho. Enid alikunjua pindo la mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Hapakuwa na hata nukta ya wino.

"Safi," alisema Raistrick. "Basi nadharia yako ya mabibi imekufa."

Enid alitoa shati la pili kutoka kabatini. Hilo alikwisha kulisugua, ndani ya pindo palibaki wingu la zambarau lisilosomeka. Ndipo akakumbuka la tatu. Lilimshinda mwezi uliopita, akalitupa kwenye boksi la matambara ya kung'arishia viatu. Alilichimbua kutoka chini, akalilaza kwenye meza ya pasi, akavuta taa.

Maandishi yalikuwa madogo, yamebanana, ya mtu mwenye haraka. Mistari saba. Raistrick alisoma kwa sauti mistari sita, jina kwa jina. Enid alimzuia kabla hajafika wa saba, maana wa saba ulikuwa na herufi kubwa kuliko yote na mistari miwili chini yake, ya kukandamiza, mpaka kitani kilikuwa kimetoboka.

"Haya si majina ya wanawake," alisema Raistrick.

"Ni wana wa mfalme. Ni maneno ya tendo la nne." Alikaa kwenye kikapu alipokuwa Cyril. "Mwite mtu wako arudi kutoka ofisi ya vizazi, Inspekta. Mtoto mnayemtafuta yumo kitabuni. Mzee hakuwa anamuuliza mchuuzi habari za mwanawe. Alikuwa anaomba neno lake."

Cyril alikiacha kifungo.

"Alikuwa anasahau," alisema Raistrick taratibu. "Kile kimya chote."

"Mwanzoni hapana. Mwanzoni kilikuwa usanii, sekunde nne zile. Baadaye usanii ukawa mahali pa kujificha."

"Na Jumamosi hakuandika. Kwa nini mtu aache fimbo yake siku anayoihitaji?"

Cyril alitazama sakafu. "Muulize yeye."

"Nani?"

"Malkia wa Wanga."

Alichomoa pochi yake, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa, kikiwa bado na pini yake. Enid alikijua kabla hakijakunjuliwa. Alikibandika mwenyewe kwenye kola ya shati, Ijumaa, akicheka na wasichana wa ushonaji. *Mwambieni bwana mkubwa shati si daftari. Akitaka kuandika nitampa karatasi. E. C.*

"Nilimsomea," alisema Cyril. "Nilidhani atacheka, na kweli alicheka. Halafu akakaa kimya pale mbele ya kioo. Akasema, 'Mwambie mama huyo nimemsikia. Sitamsumbua tena.' Sikukuambia, Enid. Nilidhani ni utani wenu tu."

Enid alinyoosha mkono akagusa pasi. Ilikuwa baridi. Akaikalisha kwenye kisahani chake, kama vile ilikuwa ya moto.

Raistrick hakuandika hilo mara moja. Aliuliza swali lingine, kwa sauti ya chini. "Madoa ya zambarau. Yalianza lini?"

"Wiki ya Krismasi. Kabla ya hapo, miaka yote, hata doa moja halikuwapo."

"Wiki ya Krismasi kulitokea nini?"

Enid alisimama na kuchukua koti lake.

"Agnes alistaafu."

*

Agnes Tordoff alikaa kitongoji cha Headingley, chumba kimoja, na kifua kibovu na kasuku mdogo wa buluu kwenye tundu. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Aliwafungulia mlango, akaona kofia ya Raistrick, akarudi kukaa bila kusema karibuni.

"Nilijua mtakuja. Nilijua tangu Jumapili. Keti, Enid kipenzi, mbona umekonda hivyo. Bwana, wewe utakaa kwenye boksi la makaa, kiti kingine kina mguu mbovu."

Raistrick alikaa kwenye boksi la makaa.

"Alikuwa akikutazama wewe," alisema Enid. Hakuzunguka. "Alipofika kwa mwana wa saba. Alikuwa akikutazama wewe, nawe unampa jina."

"Ushahidi uko wapi?"

"Miaka thelathini na moja hukuacha kuandika hata chafya ya mtu kwenye kile kitabu. Mwaka wa mwisho uliandika tarakimu, basi. Ulipoondoka, wiki hiyo hiyo, akaanza kuandika kwenye mashati."

Agnes alikohoa muda mrefu. Kasuku alinyamaza kumsikiliza.

"Mara ya kwanza ilikuwa ziarani, Manchester, miaka miwili sasa," alisema. "Nilikuwa nahesabu, tisa, kumi, kumi na moja. Akapiga hatua mbili kuja upande wangu. Hakuwahi kupiga hatua pale. Nikaona macho yake. Enid, nimewaona watu wakizimia jukwaani, nimeona mtu akivunjika mguu, lakini macho yale sijapata kuyaona. Kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikamtamkia jina kwa midomo tu, bila sauti. Akalisema. Ukumbi mzima ukalia."

"Na baada ya hapo?"

"Kila usiku. Hatua mbili, na mimi namtamkia. Hatukulizungumza ila mara moja. Alikuja hapa na mapea kwenye mfuko wa karatasi, akakaa hapo ulipo. Akasema, 'Agnes, usiliandike.' Basi sikuandika. Ningeandika, kila mtu anayeshika kitabu angejua."

"Na ulipomkabidhi Thelma?"

Mikono ya Agnes ilikuwa ikizunguka kifungo cha sweta. "Nilikifunga kwa uzi. Nikampa. Nikamwambia, 'Kila kitu kimo humu, mwanangu. Kifuate.'"

"Naye akakifuata," alisema Enid.

Raistrick alifungua daftari lake.

"Bi Tordoff, kesho saa nne utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Hapana."

"Agnes..."

"Hapana, Enid. Unajua alikoanzia? Alikuwa na miaka kumi na saba, ameshika mkuki nyuma ya wenzake, hana hata neno moja la kusema. Baba yake alikuwa mfua vyuma, alimpiga kwa sababu ya mkuki ule. Kutoka mkuki akawa mjumbe wa mistari miwili. Kutoka mjumbe akawa mwana wa mfalme, kisha mfalme mwenyewe, London, na miji mingine ambayo mimi nimeiona kwenye ramani tu. Miaka arobaini na sita. Sasa unataka waandike gazetini kwamba kichwa chake kilikuwa kitupu? Kwamba kile walichokililia kilikuwa mzee aliyepotea?" Alishika kifua. "Umemfulia miaka kumi na moja. Huna huruma?"

"Nina mtoto mmoja," alisema Enid.

Alitoa ule mpini wa koki ya gesi kutoka mfukoni, akauweka mezani kati yao. Agnes aliutazama. Aliishi chumba cha jiko la gesi, hakuhitaji kuelezwa.

"Alikuwa wapi walipomkuta?" aliuliza Agnes baadaye. "Magazeti yanasema ghala."

"Ghala la samani, mtaa wa Cordwain," alisema Raistrick. "Ngazi za nyuma. Hatujui kwa nini alikwenda huko."

"Halikuwa ghala. Ulikuwa ukumbi, walioufunga kabla ya vita ya kwanza kwisha. Ule wa mkuki. Ngazi za nyuma ndiko waigizaji walikuwa wakiingilia." Alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Hakukimbia aibu, bwana. Alikuwa akienda kazini."

"Mchuuzi wa maziwa alimkuta hai," alisema Enid. Alisema polepole, maana alijua anachofanya, na hakukipenda. "Alimshika mkono. Akamuuliza, 'Yule mdogo aliitwa nani?'"

Agnes alifungua mdomo. Midomo yake ikaunda jina, wazi, kila silabi mahali pake, bila sauti yoyote. Miaka miwili ya mazoea. Alitambua alichokifanya akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na mabega yakaanza kutikisika. Enid alipiga magoti chini pale, akamshika. Walikaa hivyo mpaka kasuku akaanza tena kelele zake.

"Hakupata mtu wa kumwambia," alisema Agnes. "Mtu mmoja tu wa kumwambia."

"Hapana."

"Bwana askari. Niletee ile kofia yangu hapo mlangoni. Siendi kituoni kichwa wazi." Kisha: "Andika. Andika kwamba msichana hana kosa. Mengine nitakuambia njiani, nikipata pumzi."

*

Enid alifika nyumbani saa kumi. Jirani aliondoka. Thelma alikuwa palepale, ngazi ya nne kutoka chini.

Enid alikaa ngazi ya tatu, akamweleza yote. Chai na nta, mashati, Agnes, mapea. Hakuacha ile karatasi yenye pini. Aliisema mpaka mwisho, na herufi E na C.

Thelma akasema, "Alipiga hatua mbili kunijia, mama. Alinitazama moja kwa moja. Nikasema moyoni, ama kweli huyu ni fundi. Nikasema, ngoja nitazame vizuri, nijifunze."

"Najua."

"Nilikuwa nalijua jina. Lilikuwa hapa ulimini. Wilfrid." Alilitamka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Jumamosi, na likasikika nyumba nzima. "Wilfrid. Ni jina dogo tu, mama."

Enid alimvua koti, mkono mmoja, kisha mwingine. Akainama chini ya ngazi, akaurudisha mpini wa koki mahali pake. Kijiko, birika, kiberiti. Thelma alikunywa nusu kikombe. Kisha akauliza kesho aseme nini.

"Sema kilichotokea. Penseli nyekundu, na hadithi ya Hull, na hatua mbili. Agnes atasema yake. Na mimi yangu."

"Yako si lazima."

"Ni lazima."

Thelma alipolala, bado kukiwa na mwanga dirishani, Enid alichukua orodha ya dobi ya wiki iliyopita, akaigeuza nyuma. Alisoma mpaka umri wa miaka kumi na nne tu na herufi zake ziliegemeana. Aliandika kwa ajili ya binti yake, na kwa binti wa mtu mwingine yeyote atakayekalia kiti kile.

Usipokee kitabu cha mtu kabla hujamuuliza nini hakimo.

Usisugue doa kabla hujalisoma.

Usimtanie mtu mzima kwa karatasi ya pini. Panda ngazi ukamuulize.

Usiweke ahadi ya kuficha ugonjwa. Hata ukiletewa mapea.

Usiamini magazeti yanapokuambia kitu ni kizuri.

Usiogope kufukuzwa kazi. Treni za kurudi nyumbani zipo kila siku, na mlango wangu haufungwi.

Usiyarudie maneno ya foleni ya bucha.

Usikae na njaa.

Mtu akipiga hatua mbili kukujia na akakutazama, usihesabu. Mpe jina.